Siku ya Tatu Mpe Jembe

Kaskazini-magharibi mwa Namibia, kati ya mlima Brandberg na jangwa linalokwenda kuishia Bahari ya Atlantiki, tembo na binadamu wanagombea maji ya shimo moja. Mvua ya mwaka mzima haifikii milimita 150. Mto Ugab, ambao kwenye ramani umechorwa kwa buluu sawa na mito mingine, ni mchanga mtupu karibu mwaka wote. Maji yake yamejificha chini, na anayeyataka hana budi kuchimba. Tembo huchimba kwa miguu na mkonga. Binadamu huchimba kwa mashine, akasimika pampu ya upepo au ya dizeli, akajenga tangi, akatoa bomba la kunyweshea mbuzi. Tembo wakipita usiku na kunusa maji hayo, hawaulizi ni ya nani. Huvunja bomba, hung'oa pampu ikibidi, na asubuhi mwenye boma hukuta matope.

Nilikwenda huko katika likizo yangu ya sabatiko, ile ambayo vyuo vikuu humpa mhadhiri baada ya miaka kadhaa ya kufundisha. Wenzangu wengi huitumia kuandika kitabu au kufundisha ng'ambo. Mimi nilitaka kazi ya mikono, mahali penye wanyama, kusini mwa bara letu. Nimekulia Bunda, upande wa magharibi wa Serengeti, na tangu utotoni tembo kwangu ni sauti ya madebe yanayopigwa usiku wa manane. Watu wa mijini wanapomsifu mnyama huyu nawaelewa, maana ni mnyama wa kusifiwa. Nawaelewa vilevile akina mama wa kwetu waliokesha shambani wakiwa na tochi na pilipili ya kuchoma pamoja na kinyesi cha wanyama, kisha wakapoteza mtama wa msimu mzima kwa usiku mmoja, wakaenda kujaza fomu ya kifuta jasho na kuanza kungoja. Nilitaka kuona wenzetu wanaishije na jambo hili katika nchi iliyo kavu kuliko yetu.

Ukingoni mwa Ugab, karibu na Uis, mji mdogo uliozaliwa na mgodi wa bati, lipo shirika liitwalo Elephant-Human Relations Aid, ambalo watu hulifupisha EHRA. Anayekwenda kujitolea hapo hupangiwa wiki ya kujenga, kisha wiki ya kufuata nyayo za tembo. Anayejengewa ni mfugaji. Kinachojengwa ni ukuta wa mawe unaozunguka tangi na pampu, mrefu, na ulio mbali na bomba kiasi kwamba mkonga haulifikii. Tembo nao hutengewa mahali pa kunywea, mbali na makazi ya watu, kwa kuwa kumzibia mnyama mwenye kiu bila kumwachia pa kunywa ni kumfundisha kubomoa.

Kazi yenyewe ni ya fundi mwashi na vibarua wake. Alfajiri tulipanda gari kwenda kuokota mawe miteremkoni, na kila jiwe tuliligeuza kwanza kwa ncha ya buti kwa sababu ya nge. Mawe yalipakiwa, yakashushwa, yakapangwa kwa ukubwa. Mchanga ulitoka mtoni. Saruji ilikorogwa chini kwa beleshi, ikabebwa kwa karai, ikawekwa kwa mwiko. Fundi wa kabila la Wadamara aliyetuongoza alikuwa na jicho la kuliona jiwe pamoja na mahali pake kabla hujaliinua. Alinyoosha kidole tu, nawe ukajua ni lile na litalala wapi. Jua likifika utosini tulijilaza chini ya mti, na lilipopinda tukarudi kazini. Ukuta hupanda polepole mno. Matokeo ya kazi yangu ya kila siku yako vichwani mwa watu, na mengi sitayaona kamwe. Ukuta ule niliuona ukipanda, tabaka juu ya tabaka, na nilipolala usiku mikono inauma nilikuwa na furaha ambayo sijaipata katika kazi ya karatasi.

Mwenye tangi alikuwa bibi mmoja tuliyemwita Ouma, kama wanavyoitwa bibi wote huko. Alikuwa na wajukuu, mbuzi, na binti anayefanya kazi Swakopmund. Kila jioni alikuja na fimbo yake, akayasukuma mawe moja baada ya jingine, na lililotikisika alilionyesha, likarudiwa. Kupitia kwa fundi alitueleza kwamba hana ugomvi na tembo. Ugomvi wake ni dizeli. Huuza mbuzi apate pesa ya dizeli, huendesha pampu mpaka tangi lijae, na kundi moja likija hunywa usiku mmoja maji aliyoyapandisha kwa siku kadhaa. Tembo mzima anaweza kunywa lita zaidi ya 100 kwa siku. Kwa hiyo kila tembo anayepita pale anakunywa sehemu ya mbuzi wa Ouma, na dunia inayompenda tembo haimrudishii Ouma hata mguu wa mbuzi huyo. Nimesoma makala nyingi kuhusu uhifadhi, nyingine ndefu na zenye majedwali. Sijui hata moja iliyoliweka jambo hili wazi kumpita yeye.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nadhani hapo ndipo penye kipimo cha kujitolea. Mgeni anapewa jembe na mwenyeji, analima shamba la mwenyeji, kwa mahitaji ya mwenyeji. Si yeye anayechagua kazi inayompendeza. Sisi tuliokwenda Ugab tulikuwa tumevutwa na tembo, kila mmoja kwa sababu zake, lakini jembe tulilopewa lilikuwa la Ouma. Nimeamini tangu siku zile kwamba hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu maisha ya tembo yule hayamo mikononi mwangu wala mwa mgeni mwingine. Yamo mikononi mwa Ouma. Siku atakapochoka, atapiga simu, na watakuja watu wenye bunduki.

Jambo hilo limekwisha kutokea. Katika bonde la Ugab aliishi tembo dume maarufu aliyeitwa Voortrekker, aliyepewa jina hilo kwa kuwa alikuwa miongoni mwa waliotangulia kurudi katika eneo lile baada ya tembo kutoweka. Waliomfuatilia kwa miaka walimsifu kwa upole. Mwaka 2019, baada ya malalamiko ya wafugaji kuhusu uharibifu wa maji na mali, serikali iliidhinisha auawe kama mnyama msumbufu, na kibali kikauzwa kwa mwindaji. Watu wengi walikasirika, hata baadhi ya jumuiya za wenyeji zikasema yeye siye mkosaji. Nami nimehuzunika. Lakini hasira ile, hasa iliyotoka mbali, ilimkuta tembo siku ya kufa kwake. Wafugaji walikuwa wamekaa na mabomba yaliyovunjika miaka mingi kabla ya hapo, na dunia haikuwa na habari nao.

Historia ya mahali pale inaeleza mengi. Tume ya Odendaal, iliyoundwa mwaka 1962 na serikali ya makaburu iliyoitawala nchi hiyo, ilipendekeza wananchi wagawiwe maeneo kwa makabila, na Wadamara wengi wakahamishiwa kwenye ardhi kavu ambako walowezi walikuwa wamefuga bila mafanikio makubwa, wakarithi visima na pampu zao. Miaka ya 1970 na 1980 bunduki zilipunguza tembo na vifaru vibaya sana. Vita vya ukombozi vilipokwisha na uhuru kupatikana mwaka 1990, tembo walianza kurudi kusini, na wakakuta kizazi cha wafugaji ambacho hakijawahi kuishi nao. Kwetu Bunda mtoto hujifunza mapema upepo unatoka wapi, masikio yakitanuka maana yake nini, na kwamba jike mwenye ndama hapitiwi karibu. Elimu hiyo ikikatika kizazi kimoja, kuirudisha ni kazi.

Hata hivyo Namibia ina jambo ambalo nililiheshimu sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati ujangili umeshika kasi, mhifadhi Garth Owen-Smith pamoja na viongozi wa jadi, akiwemo Joshua Kangombe, walianzisha walinzi wa wanyama waliochaguliwa na wazee wa mahali penyewe. Watu waliwalinda wanyama kwa sababu wazee wao walisema wanyama hao ni wao. Uhuru ulipopatikana fikra hiyo ikaingia katika sheria: tangu 1996 wananchi wa ardhi ya jumuiya wanaweza kuunda hifadhi yao na kufaidika na wanyama waliomo. Hifadhi za kwanza nne ziliandikishwa mwaka 1998, leo zimepita 80, na zimeenea karibu sehemu moja kwa tano ya nchi. Zina matatizo yake, kama zilivyo jumuiya zetu za hifadhi ya wanyamapori Tanzania, ya mapato kugawanywa vibaya na viongozi kujisahau. Lakini mwanzo wake ulikuwa sahihi. Ulianza na jirani wa mnyama.

Wiki ya pili tuliwafuata tembo wenyewe mtoni. Ni tembo wa aina moja na wa kwetu, ila wamekonda, na kwa hiyo miguu huonekana mirefu zaidi. Wamejifunza kutembea umbali mkubwa, na kukaa siku kadhaa bila maji pale tembo wengine wasingestahimili. Wanakula maganda ya migunga iliyoota mtoni. Tulikaa garini, injini imezimwa, tukaandika nani yupo na nani hayupo, kwa alama za masikio na meno. Jike mkubwa alichimba mchangani kwa mguu wa mbele, akasubiri maji yakusanyike, akanywa, kisha akasogea ili ndama anywe. Hakuna aliyemgusa, hakuna aliyemwita. Nilimwona kwa heshima ambayo sikuwahi kuipata nikiwa mtoto wa kufukuza tembo, na nadhani ni kwa sababu wiki iliyotangulia nilikuwa nimelipia haki ya kumwangalia.

Ninasisitiza suala la kutomgusa kwa kuwa kusini mwa Afrika kuna biashara kubwa iliyojengwa juu ya kugusa. Afrika Kusini inakadiriwa kuwa na simba karibu 8,000 au zaidi wanaofugwa kwenye vizimba, kuliko walio porini nchini humo. Watoto wa simba hutengwa na mama zao wakiwa wachanga, na wageni, wengi wao vijana wenye nia njema kabisa, hulipa ili wawanyonyeshe kwa chupa wakiambiwa ni yatima. Jike aliyenyang'anywa watoto huzaa tena upesi, na hiyo ndiyo faida inayotafutwa. Mtoto akikua hafai tena kushikwa na watalii; baadhi huuzwa wapigwe risasi ndani ya uzio usio na njia ya kutorokea, na mifupa imekuwa ikisafirishwa Asia ya Kusini-Mashariki. Filamu ya Blood Lions iliyotoka mwaka 2015 ilianika mzunguko huo, na mwezi Mei 2021 waziri wa mazingira, Barbara Creecy, alitangaza kwamba serikali inakusudia kuukomesha. Kuukomesha kwenyewe kunakwenda taratibu mno. Simba aliyelelewa kwa chupa na mikono ya watu harudi porini kuishi. Kijana anayempa chupa hiyo anadhani anaokoa, na pesa yake ndiyo inayozalisha yatima mwingine. Nasema kwa ukali kwa sababu vijana wa Afrika Mashariki nao wameanza kuvutiwa na picha za namna hiyo mitandaoni.

Upo wakati ambapo mkono wa mtu ni lazima. Tarehe 23 Juni 2000 meli ya Treasure ilizama karibu na Cape Town, kati ya visiwa vya Dassen na Robben, mafuta yakaenea katikati ya maeneo makuu ya kuzaliana pengwini wa Afrika. Pengwini wapatao 19,000 walilowa mafuta. Shirika la SANCCOB, lililoanzishwa mwaka 1968 kwa ajili ya ndege wa baharini, lilikuwa mbele katika uokoaji, na maelfu ya watu wa kawaida wakajitokeza kuwaosha na kuwalisha mmoja mmoja. Wengine zaidi ya 19,000 ambao hawajachafuka walikamatwa, wakapelekwa Port Elizabeth, wakaachiwa waogelee mamia ya kilomita kurudi makwao, ili wakiwa njiani bahari isafishwe. Mimi nilipofika Cape Town katika safari ileile nilikutana na mama mmoja aliyeshiriki uokoaji huo akiwa msichana. Bado anayo makovu ya midomo ya pengwini mikononi, na anayaonyesha kwa fahari.

Wengi wa ndege wale walipona, wakarudi, wakazaa. Na bado Oktoba 2024 pengwini wa Afrika waliwekwa katika daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, wakiwa wamebaki jozi zisizofika 10,000 za kuzaliana. Sababu kubwa ni njaa. Samaki wadogo wa jamii ya dagaa ambao pengwini huwategemea wamepungua, wengine wamehama maji yalipobadilika, na meli za uvuvi zinawavua mpaka jirani na visiwa. Mwezi Machi 2025 mashirika ya uhifadhi na wenye meli walifikia makubaliano, na mahakama mjini Pretoria ikayafanya amri: uvuvi huo usitishwe kuzunguka maeneo sita ya pengwini kwa miaka kumi. Makubaliano hayo yalipatikana mezani, na watu waliokaa vikao virefu na jirani mwenye nyavu. Ninawaheshimu walioosha ndege, na ninawaheshimu sawasawa waliokaa kwenye vikao hivyo, ingawa hakuna anayewapiga picha.

Katika safari ile yote nilikuwa karibu kila mahali Mwafrika peke yangu miongoni mwa wageni waliokuja kujitolea. Kambini Ugab wengi walitoka Ujerumani na Uingereza, na walifanya kazi kwa bidii. Ada walizolipa ndizo zilizonunua saruji. Msichana mmoja wa Kijerumani aliniuliza jioni moja kama watu wa Namibia bado wanaikumbuka miaka ya 1904 hadi 1908, jeshi la nchi yake lilipowaangamiza Waherero na Wanama. Nilimwambia kwamba kwetu tunaikumbuka Maji Maji ya 1905 hadi 1907, iliyozimwa na utawala huohuo. Alinyamaza, kesho yake akabeba mawe kama kawaida. Dereva wa shirika, mtu mzima, aliposikia natoka Tanzania alitaja Kongwa. Ndugu yake alifunzwa pale, katika kambi ya wapigania uhuru iliyofunguliwa mwaka 1964. Akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Nchi yetu iliwahi kuwapokea watu hawa walipokuwa hawana pa kwenda, na bila shaka tungeweza kuwa na sababu ya kwenda kwao kubeba mawe pia.

Mwaka 2024, ukame ulipoikaba Namibia, serikali ilitangaza kuua wanyamapori 723, wakiwemo tembo 83, ili nyama igawiwe kwa watu wenye njaa. Miezi michache kabla, rais wa Botswana wa wakati huo, Mokgweetsi Masisi, alikuwa amekasirishwa na mipango ya Ujerumani ya kuzuia bidhaa za uwindaji, akasema atawapelekea Wajerumani tembo 20,000 waishi nao. Mabishano yalikuwa makali pande zote. Nilipoyasoma niliwaza wale waliokuwa na haki ya kusema kwanza, nao ni watu wanaokunywa maji ya shimo moja na tembo. Na nikaona kwamba Mzungu aliyewahi kuujenga ukuta wa Ouma ana haki kubwa zaidi ya kusema kuliko ambayo mimi ningekuwa nayo kama nisingekwenda.

Kwa hiyo neno langu ni kwa walimu, watumishi na wanafunzi wa vyuo wa Afrika Mashariki. Si lazima mwende Namibia. Huko Sagalla, kando ya Tsavo Mashariki, wakulima wanazungusha mizinga ya nyuki mashambani kwa sababu tembo humwogopa nyuki, na mizinga hiyo inahitaji kutengenezwa, kutundikwa na kukaguliwa. Vijiji vya Bunda, Tunduru, Babati na vingine vinavyopakana na hifadhi vina uzio wa pilipili wa kufungwa kila msimu, matangi ya kukarabatiwa, na fomu za madai ambazo wakongwe hawawezi kuzijaza wenyewe. Vyuo vyetu vina likizo ndefu na vijana wenye nguvu. Ukipata likizo yako, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji kimojawapo, mwulize wanakijiji wanahitaji nini kwanza, ukubali jembe atakalokupa.